Diski ikianza kugonga "tk, tk", zima kwanza ndipo uje usome uzi huu

Wakuu, habari za muda huu.

Nipo Morogoro, nina duka dogo la steshenari: kuprinti, kulamineti, picha za pasipoti, na wikiendi natoka kupiga picha na video za harusi. Naweka hapa yaliyonikuta wiki tatu zilizopita. Nilipokuwa nahangaika nilipekua nyuzi nyingi nikakuta ushauri nusu nusu, na mwingine ungenimaliza kabisa.

Kompyuta yangu ya mezani ina diski ya TB 1, zile za inchi 3.5 zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika. Humo ndani kulikuwa na harusi tisa, mbili kati yake sijawakabidhi wenyewe. Bakapu? Nitafika hapo, msinipige mawe mapema.

Ilianza taratibu. Folda ya harusi moja ya Kihonda, ukiibofya kile kiduara kinazunguka weee, dakika nzima, kisha picha zinajitokeza moja moja kama watu wanaotoka msibani. Folda nyingine zinafunguka vizuri tu. Nikadhani virusi, nikapiga skani. Nikadhani RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta inayofutika umeme ukizimwa, nikaichomoa nikaifuta nikairudisha. Siku mbili zikapita hivyo, na mashine inafanya kazi ya duka kutwa nzima kana kwamba hakuna kitu.

Alhamisi jioni ikajizima na kuwaka yenyewe, Windows ikaleta yale maandishi yake kwamba inakagua na kurekebisha diski. Ikafika asilimia 11 ikaganda. Kijana wangu wa dukani akaniuliza, "Kaka, niiache imalize?" Nikamwambia iache, kesho tutaikuta tayari.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza na kubwa kuliko yote.

Asubuhi nafungua duka, iko asilimia 12. Na inagonga. Si kelele ya feni. Ni kama mtu anagonga ukucha kwenye bati: tk, tk, tk, kimya, halafu mkwaruzo mfupi, krrr, inaanza upya. Nilisimama pale na funguo mkononi hata kufuli sijaliweka chini.

Ile sauti ya kugonga ni nini? Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka, na juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa cha kusomea kilichobebwa na mkono. Kichwa hakigusi sahani, kinaelea juu ya hewa kwa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Kichwa kikishindwa kusoma pale kilipotumwa, mkono unarudi mwanzo na kujaribu tena, unarudi, unajaribu. Hicho ndicho unachosikia. Na kila jaribio juu ya sehemu iliyochubuka linaweza kuchubua zaidi.

Sasa ile kazi ya Windows, chkdsk, watu wengi tunaamini inatibu diski. Haitibu. Inachotengeneza ni daftari la mafaili, yaani orodha ya nini kiko wapi. Ikikuta ukurasa wa daftari hausomeki, inaweza kuamua kuufuta, na mafaili yake inayatupa kwenye folda iitwayo FOUND.000 yakiwa na majina kama FILE0000.CHK. Ukiongeza ile herufi /r ndiyo inasoma kila sekta, yaani kila kijipande cha diski kinachohifadhi data, mwanzo hadi mwisho. Kwa diski yenye afya ni sawa. Kwa diski inayokata roho ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo mlimani Uluguru ili umpime afya.

Nikazima. Nikachomoa waya wa umeme kabisa ili kijana asije akaiwasha kwa mazoea.

---

kobe_mpole: Pole sana mkuu. Ila uliijuaje kwa uhakika kuwa ni diski na si kitu kingine? Mimi yangu ilikuwa inaganda hivyo hivyo, fundi akaniuzia diski mpya na ugonjwa ukabaki palepale.

---

Mleta uzi: @kobe_mpole swali zuri, na kwa kweli nilitakiwa kulijibu kabla hata kugonga hakujaanza.

Diski zote za siku hizi zinaweka kumbukumbu ya afya yake inaitwa SMART. Kwenye Windows unaiona kwa CrystalDiskInfo, ni ya bure. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni

sudo smartctl -a /dev/sda

Zipo namba nyingi mle, nyingi hazikuhusu. Mimi naangalia nne. Namba 05 ni sekta ambazo diski imeshazihama, imezipeleka kwenye akiba yake. C5 (kwenye smartctl utaiona kama 197) ni sekta zinazosubiri hukumu: diski imeshindwa kuzisoma na haijajua izifanyeje. C6, yaani 198, ni zile zilizoshindikana hata diski ilipojikagua yenyewe. Na C7, yaani 199, ni makosa ya njiani kati ya diski na bodi kuu.

Mkuu, hiyo C7 ndiyo pengine ilikuwa ya kwako. Ikiwa inapanda peke yake na nyingine tatu ni sifuri, usinunue diski. Badilisha waya wa SATA, ule unaounganisha diski na bodi kuu. Namba yenyewe haitashuka hata ukishabadilisha, inatakiwa tu iache kupanda.

Mtego mmoja wa CrystalDiskInfo: inaandika namba kwa mfumo wa kumi na sita, ambamo herufi A hadi F zinasimama badala ya 10 hadi 15. Yangu ya C5 iliandika 0000000001A8. Nilivyokuwa naiangalia siku ya kwanza nikaona ni takataka za kiufundi nikafunga. Kumbe ni 424. Ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuchagua namba za kawaida, yaani DEC, fanya hivyo kabla hujafanya lolote. Asubuhi ile baada ya chkdsk kukesha, kabla sijazima moja kwa moja, ilikuwa 000000000B10. Piga hesabu: 2,832. Usiku mmoja.

---

Mtaa wa Saba: Wakati mwingine SMART inasema diski nzuri na inakufa kesho yake. Mimi siiamini hata kidogo.

---

Mleta uzi: Uko sahihi nusu. Watafiti wa Google mwaka 2007 walitoa ripoti ya diski zao zaidi ya 100,000. Kati ya zilizokufa, zaidi ya asilimia 56 hazikuwa na hesabu yoyote kwenye zile dalili nne walizoziona nzito. Kwa hiyo SMART ikikaa kimya usilale. Ila ikipiga kelele, iamini siku hiyo hiyo. Mimi ilinipigia nikaifungia dirisha.

---

bwana_friza: Ndugu mbona unajichosha. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni weka friza masaa manne, toa haraka haraka unakili. Nimefanya mwenyewe 2009, ilikubali.

---

Mleta uzi: Kaka @bwana_friza, nakuheshimu, na sikatai ilikukubali. Ila fikiria chupa ya soda ikitoka friza hapa kwetu inavyojaa majasho ndani ya dakika. Diski nyingi zina kitundu cha kupumulia chenye kichujio, si chombo kisichopitisha hewa. Unyevu ukituama juu ya sahani na kichwa kinapita nanomita chache juu yake, hapo hata mtaalamu mwenye chumba safi, kile kisicho na vumbi cha kufungulia diski, atakurudishia na pole. Kwa data usiyoijali, jaribu. Kwa harusi ya mtu, hapana.

Na msifungue kile kifuniko jamani. Nimeona video watu wanafungua mezani, feni la dari linazunguka.

---

Fundi wa Pwani: Nachangia kidogo, mimi ni fundi hapa Tanga. Huku kwetu na Mombasa na Unguja hewa ina chumvi, kuna ugonjwa unafanana na kufa kwa vichwa lakini si wenyewe. Ukigeuza diski ya inchi 3.5 unaona bodi ndogo ya kijani. Ifungue kwa bisibisi ya nyota, hiyo haifungui chumba cha sahani kwa hiyo usiogope. Chini yake kuna vidoti vya mguso vinavyounganisha bodi na vichwa. Mara nyingi nakuta vimekuwa vyeusi. Chukua kifutio cha penseli, kile cheupe laini, futa polepole mpaka ving'ae, puliza vumbi la kifutio, rudisha. Zimeshaamka diski kadhaa mikononi mwangu kwa kifutio cha shilingi mia mbili.

Ila vijana acheni kubadilishana bodi kwa kuangalia rangi na namba tu. Diski za sasa bodi nyingi zina kijichipu cha miguu minane kilichohifadhi vipimo vya vichwa vya diski ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ukiweka bodi ya jirani bila kuhamisha kijichipu hicho, itazunguka lakini itagonga tu.

---

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Hicho cha kifutio nami nilikifanya, vidoti vyangu vilikuwa vyeusi kweli viwili pembeni. Kugonga kulipungua, hakukuisha. Ila nadhani ndiko kulikonipa nafasi ya yanayofuata.

Sasa kazi yenyewe. Nilimpelekea kwanza fundi mmoja mjini akaniambia laki nane bila ahadi, na kwamba ataipeleka Dar. Sikumlaumu, kazi ya kubadili vichwa kweli ni ghali, unahitaji diski nyingine ya aina ileile ya kuchinja. Lakini diski yangu ilikuwa bado inatambulika, bado inasoma, kwa shida. Diski ya namna hiyo hurekebishi. Unaihamisha. Unanakili kila sekta inayokubali kwenda diski nyingine yenye afya, halafu marekebisho yote unayafanya kwenye nakala.

Nilinunua diski ya TB 2. Ukinunua ya ukubwa uleule unaweza kukuta imepungua sekta chache ikakugomea mwishoni. Nikaandaa flashi yenye SystemRescue, ni Linux inayowaka kutoka kwenye flashi na ina zana zote ndani. Kwa nini si Windows? Kwa sababu Windows ikiona diski tu inaanza kuihangaikia: inatengeneza vijipicha, inasoma folda, inataka kuikagua. Wewe unataka diski isiguswe ila na kazi moja.

Kazi hiyo ni ddrescue. Uzuri wake ni akili ya mgeni mstaarabu: akifika mahali pagumu hang'ang'anii, anaruka, anachukua kwanza kila kilicho rahisi, halafu ndipo anarudi kwenye yale magumu kidogo kidogo. Kunakili kwa kawaida kunafanya kinyume, kunakwama kwenye faili bovu la kwanza na kulisugua mpaka kichwa kife, wakati mafaili mazima yapo mbele yanasubiri.

Kwanza jua nani ni nani:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Soma namba ya diski kwenye kioo, kisha soma ile iliyobandikwa mgongoni mwa diski yenyewe. Mimi niliziandika kwa kalamu kwenye karatasi mbili, MGONJWA na MZIMA, nikazibandika. Mnacheka, lakini ukizigeuza umenakili utupu juu ya harusi tisa na hakuna fundi wa kukurudishia.

Zamu ya kwanza, chukua rahisi:

sudo ddrescue -f -d -n /dev/sdb /dev/sdc /mnt/flashi/ramani.map

Ya kwanza kutajwa ni mgonjwa, ya pili ni mzima. Ile -n ni kusema usikwangue sehemu ngumu kwa sasa. Na hiyo ramani.map ndiyo roho ya kazi: humo inaandika kipi kimechukuliwa na kipi bado. Iweke kwenye flashi ya pili, si kwenye Linux inayoishi ndani ya RAM.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu saa nne usiku, ikiwa asilimia 71, umeme ukakatika. UPS yangu betri lake lilishakufa tangu mwaka jana, inalia tu piii na kuzima. Nilikaa gizani nikasema basi. Umeme uliporudi alfajiri nikawasha, nikaandika amri ileile neno kwa neno, ikasoma ramani ikaendelea kutoka asilimia 71. Kama ramani ingekuwa kwenye RAM ningeanza sifuri, na sidhani kama mgonjwa angestahimili raundi nyingine.

Diski yenye afya ya TB 1 ikitoa MB 100 kwa sekunde inakwisha ndani ya saa tatu hivi. Yangu ilichukua siku mbili. Kuna nyakati ilikuwa inatoa MB 90, kuna nyakati ilishuka mpaka kB 8 kwa sekunde, namba inaganda, unasikia tk, tk, unashika tama. Niliielekezea feni ndogo ya mezani, joto lisizidi.

Zamu ya pili, rudi kwenye magumu, jaribu mara tatu:

sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc /mnt/flashi/ramani.map

Mwisho ikaandika asilimia 99.99 imeokolewa. MB 23 hazikutoka. Nikazima mgonjwa, nikamchomoa, na hajawashwa tena.

Sasa ndipo unaruhusiwa chkdsk, kwenye nakala. Iliniletea ile FOUND.000 yenye mafaili mia na kitu, mengi picha, nikayafungua moja moja nikayapa majina. Folda ya Kihonda ilikuwa imepotea jina lake kabisa, nikaipata kwa PhotoRec, inayotafuta picha kwa sura ya data bila kuangalia daftari. Hasara yake inakupa picha bila majina wala folda, kapu zima la mitumba uchambue mwenyewe.

---

mama_Zuhura_duka: Kaka samahani, mimi yangu ni ile ya nje ya kuchomeka, ndogo. Nikichomeka inasema inataka kufomatiwa. Kuna picha za marehemu mama yangu. Nibofye?

---

Mleta uzi: Dada usibofye. Pole sana. Funga hicho kidirisha kwanza.

Ujumbe huo maana yake Windows haijalisoma daftari, si lazima picha hazipo. Badilisha waya, ule mfupi huwa unalegea haraka. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyishi cha USB, na kama ni ya mezani tumia tundu la nyuma. Weka sikio. Ikiwa kimya inazunguka vizuri, nakili kwa ddrescue kama nilivyoeleza, au mpe mtu mwaminifu akufanyie mbele yako. Ikiwa inatoa mlio mwembamba piii, piii na haizunguki, mota imekwama au vichwa vimenasa juu ya sahani. Hapo usiijaribu hata mara moja zaidi, usiigonge, usiitikise. Hiyo ni ya mwenye chumba safi, na kwa picha za mama ningejichanga.

---

kobe_mpole: Mrejesho: ni waya kweli. C7 ilikuwa 1,900 na zaidi, nyingine zote sifuri. Nimeweka waya mpya, siku tatu haijapanda. Na diski mpya niliyouziwa nayo ninayo 😅

---

Mtaa wa Saba: Mkuu, na hiyo mbovu usiitupe. Ukiiandika sifuri yote C5 inashuka inarudi sifuri, inafanya kazi.

---

Mleta uzi: Ndiyo maana naogopa diski za mitumba. C5 inashuka kwa sababu sekta ikiandikwa upya diski inaamua: ama imekubali, ama inaihamisha na inahesabiwa kwenye 05. Anayeuza anakuonyesha C5 sifuri anakwambia safi. Angalieni 05 pia na saa ilizofanya kazi. Na hata saa hizo zinafutika: mwanzoni mwa 2025 huko Ulaya zilibainika diski za Seagate zilizouzwa na wafanyabiashara kama mpya kumbe zimeshafanya kazi maelfu ya saa, kumbukumbu ya SMART imerudishwa sifuri. Zikanaswa kwa sababu diski hizo zina kumbukumbu nyingine ya ndani, FARM, waliyoisahau. Kwa smartctl ya karibuni unaisoma hivi: sudo smartctl -l farm /dev/sda

Kuhusu bakapu niliyowaahidi: sikuwa nayo. Nilikuwa na diski ya nje niliyoinunua kwa kazi hiyo, mtoto anatazamia katuni. Sasa kila harusi inalala sehemu mbili kabla sijafuta kadi ya kamera, na moja ya hizo mbili inalala nyumbani, si dukani.

---

Fundi wa Pwani: Na SSD je, zile diski zisizo na sahani zinazozunguka? Vijana wote sasa wananunua hizo.

---

Mleta uzi: Mzee, hizo hazigongi, ndilo tatizo. Zinalala jioni hazionekani asubuhi. Na ukifuta faili kwa bahati mbaya, TRIM, ile amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya faili lililofutwa, inaweza kuisafisha kabla hujakumbuka, PhotoRec haikuti kitu. Sijafika huko bado, mwenye uzoefu afungue uzi wake nitasoma.

Mrejesho wa mwisho wakuu. Leo nimewakabidhi wa Kihonda. Nilimwambia bibi harusi ukweli kuwa kuna sekunde nne kwenye keki zimeganda na mraba wa kijani juu, ni sehemu ya zile MB 23. Akaomba nimwonyeshe. Tukaangalia pamoja palepale kaunta. Akacheka mpaka akashika meza. "Hapo ndipo mjomba alipoangusha ile keki ya ukweni," akasema. "Acha iendelee kuganda."